Habari za Maneno ya Kutafutia, na Majina ya Lodwar na Kakuma

Msomaji, ukifika kando ya mto Turkwel karibu na mji wa Lodwar wakati wa kiangazi, au ukisimama penye ukingo wa mto Tarach huko Kakuma, yamkini utamkuta mchungaji anayeuliza habari za ngamia wake aliyepotea. Msikilize kwa makini jinsi anavyouliza. Hasemi, "Nani ameona ngamia?" kwa maana ngamia ni wengi, na swali kama hilo halimsaidii mtu. Husema kwamba anamtafuta ngamia jike, mweupe, aliyekatwa ncha ya sikio la kushoto, mwenye alama ya ukoo fulani iliyochomwa pajani. Kila neno analoliongeza linapunguza idadi ya ngamia wanaoweza kuwa ndio, mpaka abaki mmoja tu. Kadhalika mwenye mifugo hakumtia mnyama alama kwa sababu ya urembo. Alimtia alama ili siku ya kupotea aweze kuulizwa na kujulikana.

Katika mfano huu mdogo umo msingi wote wa jambo nitakalokueleza. Siku hizi habari za dunia zimewekwa katika kompyuta, na anayezitaka huandika maneno machache, kisha mtambo humletea kurasa nyingi zilizopangwa kwa safu. Maneno hayo tutayaita maneno ya kutafutia. Wapo watu ambao kazi yao ni kuyachagua maneno hayo na kuyatia katika kurasa zao ili zitokee mbele ya kurasa za wengine. Je, ufundi huu ulianza wapi? Una haki gani na udanganyifu gani? Tena wewe unayesoma Lodwar, Kakuma au penginepo, unakuhusu nini? Haya ndiyo maswali yetu.

Usidhani kwamba haja ya kutafuta kwa neno ilizaliwa pamoja na kompyuta. Katika karne ya 13 watawa wa Kidominiko huko Paris, chini ya uongozi wa Hugh wa Saint-Cher, waliyakusanya maneno ya Biblia ya Kilatini, wakayapanga kwa taratibu ya alfabeti, na mbele ya kila neno wakaandika mahali linapopatikana. Mhubiri aliyetaka kila aya yenye neno "maji" hakulazimika tena kukisoma kitabu kizima. Baadaye vitabu vingi vilipata faharasa nyuma yake, na maktaba zikapata kadi zilizoandikwa majina ya waandishi na mambo. Lakini tangu hapo palionekana tatizo moja ambalo halijaisha mpaka leo, nalo ni hili: atafutaye hupata kwa lile neno alilolitumia mwandishi, wala si kwa lile alilonalo yeye moyoni.

Nitakupa ushahidi kutoka nchi ya Turkana yenyewe. Mwezi wa Machi mwaka 1888, Count Samuel Teleki, mtu wa Hungaria, pamoja na mwenzake Ludwig von Höhnel, walifika penye ziwa kubwa lililo mashariki ya Lodwar. Wenyeji waliokuwa wakivua samaki na kunywesha mifugo humo walikuwa na majina yao kwa ziwa hilo tangu zamani. Lakini wageni hao walilipa jina jipya. Waliliita Rudolf, kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria na Hungaria, mtu ambaye hakulitia ziwa hilo machoni. Jina hilo likaingia katika ramani, vitabu na taarifa za serikali, likakaa humo miaka 87, mpaka mwaka 1975 serikali ya Kenya ilipoliita Ziwa Turkana.

Sasa fikiri habari ya mwanafunzi wa leo anayetaka kujua kina cha ziwa hilo kilivyobadilika. Akitafuta kwa jina la Turkana peke yake, atapata yaliyoandikwa baada ya mwaka 1975, na aghalabu atakosa yale ya kabla yake. Hayakupotea, ila yamelala chini ya jina jingine. Hapana budi aandike na jina la Rudolf, ijapokuwa halipendi. Basi twaona kwamba jina si sauti tu. Aliyekipa kitu jina amekiwekea mlango, na wengine wote watapita katika mlango huo, watake wasitake.

Lodwar nayo ina habari ya namna hiyo. Wakati wa utawala wa Kiingereza, wilaya ya Turkana ilikuwa imefungwa, na mtu wa nje hakuweza kuingia bila ruhusa. Kwa hiyo Wakenya wengi hawakulisikia jina la mji huo. Mwaka 1953 Jomo Kenyatta alihukumiwa huko Kapenguria, akafungwa Lokitaung, kaskazini kabisa ya nchi. Mwezi wa Aprili 1959, alipomaliza kifungo, hakuachiliwa huru, bali alihamishiwa Lodwar akae chini ya ulinzi, mpaka Aprili 1961 alipopelekwa Maralal. Katika miaka hiyo miwili jina la Lodwar lilitajwa katika magazeti ya London na Nairobi, lakini lilitajwa kama jina la mahali pa kumwekea mtu asionekane.

Baadaye Turkana ikajulikana kwa mambo mengine. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya hodari wa kutafuta mifupa ya kale, aliona kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi ya ziwa, na kutoka hapo yakachimbuliwa mabaki ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mwaka 1992, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lodwar, ilifunguliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kuwapokea kwanza vijana wa Sudan waliokuwa wametembea mwendo wa kutisha wakikimbia vita. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba mafuta yameonekana katika kisima cha Ngamia-1, karibu na Lokichar. Mwaka 2016 ukafunguliwa mtaa wa Kalobeyei kando ya Kakuma, na leo watu wa kambi na mtaa huo wapita laki mbili. Mfupa, mkimbizi, mafuta, njaa na ukame: hayo ndiyo maneno yaliyofungamanishwa na Turkana katika maandishi ya watu wa mbali. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha maneno yangu.

Kwanza tuifuate historia ya mitambo. Kompyuta zilipoanza kutumiwa kutafuta maandishi, wataalamu walijiuliza: neno lipi lina uzito kuliko jingine? Mwaka 1972 mwanamke mmoja wa Kiingereza, Karen Spärck Jones, alitoa jibu ambalo lingali na nguvu hata leo. Alisema kwamba uzito wa neno huongezeka kadiri neno hilo linavyokuwa adimu. Tuseme una kurasa elfu moja zinazohusu Kenya. Neno "Kenya" limo katika zote, basi halikusaidii kuchagua hata ukurasa mmoja. Neno "Lodwar" limo katika kurasa kumi tu, basi linakupunguzia kazi mara mia. Je, huyu si yule mchungaji wetu wa Turkwel? Neno "ngamia" halina faida kwake, bali alama ya paja ina faida kubwa.

Mwaka 1990 Alan Emtage, kijana wa kisiwa cha Barbados aliyekuwa akisoma Montreal nchini Kanada, alitengeneza programu iliyoitwa Archie, ya kutafuta majina ya mafaili yaliyowekwa katika kompyuta za mbalimbali. Hiyo yahesabiwa kuwa ya kwanza katika ukoo wa mitambo ya kutafutia katika intaneti. Kisha tovuti zikaongezeka kwa wingi, na mwaka 1995 ukatokea mtambo wa AltaVista ulioweza kutafuta neno lo lote ndani ya mamilioni ya kurasa.

Mitambo ya miaka hiyo ilitegemea sana kuhesabu maneno. Ukurasa uliolitaja neno mara nyingi ulidhaniwa kuwa unahusu neno hilo kuliko ukurasa uliolitaja mara moja. Hapo ndipo wajanja walipopata nafasi. Mwenye duka aliyetaka kuonekana mbele aliliandika neno moja mara mia mbili katika ukurasa wake. Mwingine aliyaandika maneno kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ili mtambo uyaone na mtu asiyaone. Palikuwa pia na mahali maalumu, pasipoonekana na msomaji, pa kuorodhesha maneno ya kutafutia, na watu walijaza humo kila neno walilotamani, hata kama ukurasa haukuwa na habari hizo kabisa. Watu hawa walikuwa sawasawa na mwizi anayechoma alama ya ukoo mwingine katika paja la mnyama.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, walianzisha kampuni ya Google. Fikira yao ilikuwa kwamba ukurasa usiaminiwe kwa yale unayojisemea tu, bali kwa wale wanaoushuhudia. Kila tovuti inayomwelekeza msomaji kwenye ukurasa mwingine ni kama imeutolea ukurasa huo ushahidi, na ushahidi wa mwenye heshima una uzito kuliko wa asiyejulikana. Fikira hii si ngeni kwetu. Katika baraza la wazee chini ya mti, mtu hapati heshima kwa kujisifu, ila kwa kutajwa vema na wengine.

Walakini wajanja hawakukoma. Walianza kununua ushahidi, na kutengeneza kurasa za uongo za kumvutia atafutaye na kumpeleka kwingine. Mwaka 2006 hata tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW iliondolewa kwa muda katika orodha ya Google kwa sababu ya kurasa za namna hiyo, zilizojazwa maneno yaliyokusudiwa mtambo na si msomaji. Mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba haiyatumii kabisa maneno yaliyofichwa katika ile orodha maalumu kupanga safu ya kurasa. Mwaka 2011 na 2012 yalifanywa mabadiliko makubwa ya kuzishusha kurasa duni na kuzipinga hila za viungo vya kununuliwa. Tangu hapo mitambo imefundishwa kutazama maana ya swali zima, si neno moja moja.

Basi je, ufundi wa maneno ya kutafutia umekufa? Hasha. Ila uliokufa ni udanganyifu wake ulio rahisi. Ulio wa haki ungalipo, nao ni kukiita kitu kwa jina ambalo anayekihitaji atalitumia. Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Lodwar anayefuma vikapu kwa majani ya mkoma. Akiandika katika ukurasa wake neno "vikapu" peke yake, atasimama nyuma ya wauzaji wa vikapu wa dunia nzima, na hakuna atakayemfikia. Akiandika "vikapu bora, vikapu vizuri, vikapu vikapu," atakuwa amejivunjia heshima bure. Lakini akiandika kwa kweli na kwa utaratibu, "vikapu vya mkoma vilivyofumwa kwa mkono Lodwar, Turkana," akaeleza ukubwa wake, rangi zilikotoka, na siku zinazohitajika kumaliza kikapu kimoja, hapo atakuwa amekitia kikapu chake alama. Watakaoyaandika maneno hayo ni wachache, lakini kila mmoja wao anakitaka kikapu hicho hasa. Mteja mmoja anayekuja kwa haja ni bora kuliko mia wanaopita njia.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana taabu moja ya ziada, nayo yafaa uijue. Mitambo ya kwanza ilijengwa na watu wa Kiingereza kwa lugha yao. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni ya kukata miisho ya maneno ya Kiingereza, ili neno la umoja na la wingi yahesabiwe kuwa moja. Kanuni hiyo iliwafaa wenyewe, kwa maana maneno yao hugeuka mwishoni. Lakini maneno yetu hugeuka mwanzoni. Kikapu na vikapu, mfumaji na wafumaji, anafuma na walifuma: mtu anajua kuwa ni ndugu, bali mtambo unaolinganisha herufi tu huyaona kama wageni wasiofahamiana. Dawa yake haikuwa kukihama Kiswahili. Ilikuwa kuandika kwa wingi, kwa umoja na kwa wingi wa maneno, kwa sababu mtambo hujifunza lugha kwa maandishi uliyoyapata. Lugha isiyoandikwa sana hutambuliwa vibaya, na inayotambuliwa vibaya huachwa, na inayoachwa huandikwa kidogo zaidi. Duara hilo halivunjwi ila na waandishi.

Sasa nirudi Kakuma, kama nilivyoahidi. Katika vitabu, magazeti na tovuti nyingi za Kiingereza imeandikwa kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili, na kwamba maana yake ni "mahali pasipokuwa popote." Msomaji, wewe wakijua Kiswahili. Je, umewahi kulisikia neno hilo likitumiwa hivyo, nyumbani, shuleni au sokoni? Neno hilo si la Kiswahili, wala halina maana hiyo katika Kiswahili. Kakuma ni jina la mahali katika nchi ya Waturkana, na watu waliishi hapo kabla ya kambi. Ni nani aliyeanza kusema hivyo si hoja. Hoja ni kwamba mmoja aliandika, wa pili akamnukuu wa kwanza, wa tatu akawaelekeza wasomaji kwa wawili hao, na kwa wingi wa ushahidi wa namna hiyo kosa likapata cheo cha ukweli.

Hapo waona upungufu wa kile kipimo tulichokisifu. Mtambo waweza kuhesabu mashahidi, lakini mashahidi elfu walioisikia habari kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja tu. Tena kosa hili halikudumu kwa bahati. Lilidumu kwa sababu liliwafurahisha waandishi, maana lilikaa vizuri katika habari za watu waliopoteza kwao. Ulikuwa ni uongo mzuri, na uongo mzuri husafiri haraka. Lakini fikiri jinsi mtoto aliyezaliwa Kakuma anavyohisi, awe Mturkana au mtoto wa mkimbizi, anapolitafuta jina la kwao akaambiwa kwamba kwao si popote.

Yafaa kusema pia kwamba wapo waliokataa kuachia wengine kazi ya kueleza. Mwaka 2008 wakimbizi wa Kakuma walianzisha gazeti lao, Kakuma News Reflector, wakaliweka katika intaneti ili habari za kambi zisemwe na wakaao kambini. Mwaka 2009 nyaya kubwa za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilifika pwani ya Kenya, na mawasiliano ambayo zamani yalitegemea setilaiti kwa gharama kubwa yakaanza kupungua bei, ingawa faida hiyo haikufika sehemu zote kwa wakati mmoja. Huko Loropio, kando ya Ziwa Turkana, chuo cha kufundishia vijana kazi za kompyuta kilijengwa kwa ramani ya Francis Kéré wa Burkina Faso, kikakamilika mwaka 2021. Minara yake ya kupitishia hewa ilifuata mfano wa vichuguu vya mchwa vinavyoonekana nchini humo. Vijana wa Turkana hujifunza humo ufundi wa kutengeneza tovuti na kufanya kazi za wateja wa mbali bila kuihama nchi yao.

Msomaji, nimekueleza habari ndefu ili nifike kwenye maneno machache. Utakapokuwa unatafuta, kumbuka mchungaji wa Turkwel: taja alama, usitaje ngamia tu, tena ujue na majina ya zamani, kwa maana ukweli mwingine umelala chini ya Rudolf. Utakaposoma jibu la kwanza aliloleta mtambo, jua kwamba la kwanza katika safu si lazima liwe la kwanza katika ukweli; uliza limetoka kwa nani, na huyo alilipata wapi. Na utakapoandika, kiite kila kitu kwa jina lake la haki, kwa lugha ya kufahamika, wala usiazime alama ya mwingine.

Mwisho, ukiwa mwenyeji wa mahali ambapo wageni wamepaeleza kwa makosa, usiridhike kunung'unika. Kosa lililoandikwa haliondolewi kwa kukasirika. Huondolewa kwa ukweli ulioandikwa, tena ulioandikwa na watu wengi, mmoja mmoja, kila mmoja kwa aliyoyaona mwenyewe. Andika jina la mto wa kwenu, na maana yake kama walivyokueleza wazee. Andika ni nani walichimba kisima, na mwaka gani shule ilijengwa. Siku moja mtu wa mbali ataliandika jina la kwenu katika mtambo wake, naye atapokewa mlangoni na yule aliyetangulia kuandika. Ni afadhali apokewe na wewe.